Kisu cha porini kwa bei ya mtu wa kawaida: viwili vilinivunja moyo, cha tatu kimefuliwa na springi ya gari

Mimi ni mtu wa Tabora na nina mizinga ya nyuki kule msituni upande wa Sikonge, mingi ni ya mjomba wangu, michache ndo yangu. Ukienda kurina asali hurudi siku hiyo hiyo, tunakaa kambi siku nne tano mpaka wiki, kwahiyo kisu kule ndo mkono wako wa tatu, unakata kamba, unachonga vigingi vya kubania mifuniko ya mizinga, unakwangua gundi ya nyuki, unachana magunia, unamenya muhogo, mkipata kuku wa kununua njiani unachinja. Panga lipo lakini panga ni la kufyeka na kupasua kuni, humenyi kiazi na panga. Naongelea kile kisu kimoja cha kiunoni, na naandika kwa sababu hela niliyopoteza kabla sijakipata inaniuma mpaka leo na sipendi mtu mwingine apite njia hiyo.

Cha kwanza nilinunua mjini kwa 25,000. Kikubwa, mgongo una meno kama msumeno, mpini upo wazi kwa ndani unaweka ndoana na viberiti, alafu kwenye kitako kuna dira. Nilikipenda sana. Sasa mwezi wa sita, jua limeshazama, nipo juu ya mti kwenye mzinga wa gogo, mfuniko umegandishwa na gundi ya nyuki kama umepigwa simenti, nikachomeka ncha nikakandamiza kidogo tu ili uachie, nikasikia kap! Mpini umebaki mkononi, chuma kimeenda chini, na chini yupo mjomba anashika moshi wa kufukuzia nyuki. Nikapiga kelele "Mjomba toka!" Kilipita karibu na bega lake kikachomeka kwenye majani. Mikono ilinitetemeka, tukaufunga ule mzinga bila kurina tukarudi kambini.

Mjomba hakunigombeza. Alikaa karibu na moto akasema, "Mjomba, hebu lete huo mpini tuuone." Akamulika tochi kwa ndani. Kumbe chuma cha kisu kilikuwa kinaishia pale pale mwanzo wa mpini, kimeingia kijipande kama kidole cha mtoto na kimebanwa na nati moja basi. Ule uwazi wa kuwekea ndoana ndo ungetakiwa kuwa na chuma. Akaniambia, "Ulinunua dira, kisu ukapewa nyongeza." Nimelikumbuka hilo neno kila nikishika kisu dukani.

Cha pili nikasema ngoja nichukue kidogo cha kukunja, kinaingia mfukoni, 10,000. Hiki hakikuvunjika ila hakikuwa na kitu cha kukizuia kisijikunje, na asali ikiingia pale kwenye bawaba inakauka na vumbi, siku moja inagoma kufunguka siku nyingine inafunguka hovyo. Nilikuwa natoboa kijiti kwa ncha, kikajikunja juu ya kidole cha shahada, kovu ninalo. Sisemi vya kukunja vyote ni vibaya, Opinel ya Ufaransa kwa mfano ina pete ya chuma unaizungusha inafunga kabisa isijikunje, ila ukikuta cha kukunja hakina kizuizi chochote kiache hapo hapo dukani.

Msimu uliofuata alikuja kambini kwetu mgeni mmoja aliyekuwa anafuatilia mambo ya nyuki, ana kisu cha Mora, vile vya Uswidi. Nilikishangaa kwa udogo wake. Chuma kama sentimita 10, unene milimita 2 na nusu hivi, mpini wa plastiki, ala ya plastiki, hakina meno hakina dira hakina urembo wowote. Nikakiomba nikatumia siku nzima na kilifanya kazi zote ambazo lile likisu langu la meno lilikuwa linafanya kwa shida, muhogo unamenyeka, kigingi kinachongeka bila kukwama. Kwao ni kisu cha bei ndogo cha mafundi na wavuvi, shida ni kwamba mpaka ukiagize kifike Tabora bei inakuwa sio ile tena, kwahiyo sikukinunua, lakini nilichukua vipimo vyake kichwani. Hapo ndo nikaelewa kwamba kisu kirefu na kinene ndo kinanichosha, unene unakifanya kipasue badala ya kukata.

Nikaenda kwa babu mmoja mhunzi, ana kibanda chake na mivukuto ya kizamani. "Mwangaluka babu," akaitikia, nikamweleza nataka kisu cha urefu wa kiganja, mgongo milimita 3, na chuma kipite mpaka mwisho wa mpini. Akatoa kipande cha springi ya gari, zile bapa za chini ya gari. Springi inapendwa na wahunzi kwa sababu ina kaboni ya kutosha kushika makali na bado haivunjiki kirahisi, imezaliwa kwa ajili ya kupinda na kurudi.

Nilikaa pale asubuhi nzima nikaangalia maana sikutaka kuuziwa tena kitu nisichokijua. Akakifua kikapata umbo, alafu akakirudisha kwenye mkaa mpaka kikawa chekundu, ana sumaku ya spika mbovu ameifunga kwenye waya, akawa anaisogeza karibu na chuma. Sumaku ikavuta. Akarudisha motoni. Akasogeza tena, safari hii sumaku ikaninginia tu kama haioni chuma, hapo hapo akakitumbukiza kwenye oili, moshi ukajaa kibanda kizima. Chuma kikipata joto la kutosha kinaacha kushikwa na sumaku, na hiyo ndo dalili kwamba kimekaribia kabisa kuwa tayari kuzamishwa. Akanipa tupa nipitishe kwenye makali, ikateleza kama napitisha kwenye kioo, haikwaruzi hata kidogo, yaani chuma kimeshakuwa kigumu. Nikadhani tumemaliza, akasema hapana, kikibaki hivi kitakatika kama sahani. Akakisugua kikang'aa alafu akakilaza pembeni ya moto mgongo ukielekea kwenye makaa, tukawa tunaangalia rangi inatembea, ikifika kwenye makali rangi ya majani makavu akakitoa akakizamisha. Akaniambia ukiona imefika bluu kwenye makali ujue umekilainisha, na ndo maana hata wewe ukikinoa kwenye mashine ya umeme kikapata moto mpaka kikageuka bluu unakuwa umekiua, hakitashika makali tena mpaka umalize hiyo sehemu yote.

Mpini ni mninga, vipande viwili vimebana chuma pande zote na misumari mitatu. Mninga ukikauka vizuri hausinyai ovyo kwahiyo mpini haulegei. Kisu 12,000, ala ya ngozi 4,000. Jumla 16,000, ile dira peke yake ilinigharimu zaidi.

Nimekitumia misimu miwili kamili. Ubaya wake ni mmoja na lazima niuseme, kinashika kutu. Chuma cha springi sio kile kisichoshika kutu, na asali ina asidi, ukikiacha na asali usiku mmoja asubuhi kina madoa meusi. Mimi nakifuta, nakipaka mafuta ya kula kidogo, naendelea. Lakini masega ya asali ya kuuza sikati nacho, kwa kazi hiyo nina kisu cha jikoni cha 3,500 kisichoshika kutu, nakiosha nakiweka kwenye ndoo safi peke yake. Makali yake yanaisha haraka ila masega ni laini, kinatosha.

Kama huna mhunzi karibu na unanunua dukani, mimi sasa hivi huwa naangalia hivi. Kwanza mpini, natafuta mstari wa chuma unaonekana juu na chini mpaka kitakoni, ukiuona huo umemaliza nusu ya wasiwasi (ile Mora chuma hakifiki mwisho lakini mpini umemiminwa juu yake ukashikana, sasa kwa kisu cha bei chee usichokijua usibahatishe). Alafu nakielekeza kwenye mwanga makali yakiwa juu, nikiona mstari unang'aa basi ni butu, hiyo inanoleka ila inakwambia aliyekitengeneza hakujali. Nakiangalia kwa jicho moja kama kimenyooka. Meno ya mgongoni nayakimbia, hayakati mti na yanachana ala.

Na kunoa jifunze, hakuna kisu cha kukwepa hilo. Pembe ya kulaza kisu kwenye jiwe mimi nilijifunza na karatasi, unakunja kona yake ya mraba mara moja katikati, alafu tena mara moja, kile kipembe kinachobaki ni kama digrii 22, unakiweka kwenye jiwe unalaza kisu hapo mkono unazoea. Nakinoa kambini jioni wakati maji ya ugali yanachemka, dakika tano, namalizia kwenye mkanda wa ngozi.

Mjomba alikuwa anakiangalia tu bila kusema. Mwezi uliopita kaniomba nimpeleke kwa babu, kabeba springi yake mwenyewe kwenye baiskeli, anataka cha kwake kiwe kirefu zaidi kwa vidole viwili.