Kuhesabu mazao na namba za NIDA kwenye orodha ya wakulima

Orodha za wakulima huku Rungwe na Mbeya Vijijini hujazwa na watu wengi, kila mtu na mwandiko wake. Kinachoulizwa baadaye ni kilekile: wanaolima viazi ni wangapi, na nani kaandikwa mara mbili? Mimi huhesabu kwa Excel.

Kolamu yenye jibu moja kwa kila seli haisumbui. Kata zikiwa B2 hadi B400, na jina la kata ninayoitaka likiwa F2, naandika =COUNTIF(B$2:B$400,F2), inayohesabu seli zenye jina hilo, kisha naivuta fomula chini. Usisahau alama za dola, maana bila hizo eneo la kuhesabia linashuka pamoja na fomula na mistari ya juu inabaki nje. KIWIRA na Kiwira huhesabiwa pamoja, lakini Kiwira yenye nafasi mwishoni huachwa, na kwa macho huioni. Dawa yake ni TRIM, inayofuta nafasi za ziada. Ikigoma, mara nyingi maandishi yalinakiliwa kutoka intaneti yakaja na nafasi ya aina nyingine, CHAR(160), ambayo TRIM haiifuti; hapo natumia =TRIM(SUBSTITUTE(B2,CHAR(160)," ")).

Kazi iko kwenye mazao, maana seli moja unakuta "mahindi, viazi vitamu, parachichi". Ukihesabu "viazi" kwa COUNTIF, seli zenye mazao mengi zinarukwa. Ukiweka "*viazi*", waliolima viazi vitamu wanaingia nao. Ninayoiamini ni hii:

=SUMPRODUCT(--ISNUMBER(SEARCH(",viazi,",","&SUBSTITUTE(C$2:C$400," ","")&",")))

Inafuta nafasi zote, kwa hiyo viazi vitamu vinakuwa "viazivitamu", halafu inaweka mkato mwanzoni na mwishoni mwa seli ili kila zao likae katikati ya mikato miwili. Inahesabu wakulima: aliyeandika viazi mara mbili bado ni mmoja. Walioandika "mahindi na viazi" nawarekebisha kwanza kwa Ctrl+H (tafuta na badilisha), nikibadilisha " na " kuwa mkato. Usizifute zile nafasi mbili pembeni, la sivyo hata nanasi litakatwakatwa.

Namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, zina mtego wake. Zina tarakimu 20, na COUNTIF ikikutana na tarakimu tupu huzichukulia kama namba ya kawaida, ambayo Excel huishika hadi tarakimu 15 tu. Watu wawili ambao namba zao zinatofautiana mwishoni huonekana mtu mmoja, na mkulima halali anaweza kufutwa hivihivi. Namba zikiwa kolamu D, tumia =SUMPRODUCT(--(D$2:D$400=D2)); jibu likizidi 1, kweli kuna marudio. Kama wengine wameandika vistari na wengine hawakuandika, viondoe vyote kwanza, lakini kwa SUBSTITUTE kwenye kolamu ya pembeni. Ukiviondoa kwa Ctrl+H, Excel inaweza kuigeuza seli kuwa namba.

Kolamu ya namba za NIDA iwekwe mpangilio wa Text (maandishi) kabla ya kuandika chochote. Ukichelewa, tarakimu 5 za mwisho zimeshageuka sifuri na kubadilisha mpangilio hakuzirudishi. Itabidi urudi kwenye fomu za karatasi.