Siku Nyar Nyakach alisimamisha muziki Dunga

Hii ni ya Desemba 2018, na hiyo tamasha ya Dunga, Kisumu, haikuwa kwa hesabu yetu hata kidogo. Kazi yangu ya kiwandani hapa Nakuru ilikuwa imeisha mapema mwaka huo, walipunguza watu na mimi nikawa mmoja wao, na tangu hapo nyumba ilikuwa inasimama na omena, wale dagaa wadogo wa ziwa. Mke wangu ni wa Nyakach, mimi humwita Nyar Nyakach, yaani binti wa Nyakach kwa Kijaluo, tangu tukichumbiana, na yeye ndio alisema hatutakaa tu tungoje simu ya mtu, akachukua pesa yake ya chama akaenda Kisumu akarudi na gunia, akaanza kupimia watu kwa gorogoro pale karibu na steji. Gunia likazaa gunia.

Mimi nikachukua nyumba. Saa kumi na moja niko macho, nachemsha maji, napika uji, naosha watoto, nilijifunza hata kumsuka msichana matuta ya shule, nikishawapeleka narudi nakaa chini na omena naichambua, natoa mawe na vijiti kabla mama hajaibeba. Kazi hiyo ukiifanya utajua omena sio omena tu. Ile ya kuanikwa chini kwa ardhi inakuja na mchanga, unaweza kuiosha na maji ya moto mara tatu na bado meno yalie, lakini ile ya kuanikwa juu ya neti ni safi, inang'aa, na mteja aliyeionja hatarudi kwa ile nyingine. Yeye ndio alinifundisha hayo yote, na alinifundisha polepole, hakuwahi kunipigia kelele.

Watu wa ploti walikuwa na maneno yao. Amekaliwa, ndio walikuwa wanasema, yaani mke ndio anamtawala, mwanaume mzima amekaliwa, na siku moja mama mmoja akasema hivyo Nyar Nyakach mwenyewe akiwa hapo kwa mfereji anateka maji. Hakumjibu. Alikuja na mtungi wake akautua jikoni akaendelea na shughuli, na mimi nikajua yameishia hapo.

Sasa Desemba ikafika, anataka kuenda kuleta mzigo wa Krismasi, akaniambia safari hii tunaenda wote, watoto waende kwa cucu yao, bibi yao, huko Bahati, kwa sababu ndugu yake alikuwa amemwambia kuna tamasha ya vyakula na muziki Dunga hiyo wikendi na ameshatulipia kiingilio. Nikamuuliza na nauli yangu je, akasema baba watoto, nauli nimeshaitoa, wewe tafuta shati.

Tuliondoka asubuhi mapema. Barabara ya kuenda Kisumu kutoka kwetu inakupandisha kwanza, ukifika Mau Summit unajikunja kwa baridi, halafu Kericho majani chai pande zote hadi macho yanachoka na kijani, halafu gari linaanza kushuka na joto linaingia kidogo kidogo. Na mke wangu hubadilika na hiyo barabara. Nakuru ni mtu wa sauti ya chini. Tukipita Awasi alikuwa ametoa sweta, ameteremsha kioo, ameanza kuongea na mama wa kiti cha nyuma na sauti iliyokuwa imefichwa sijui wapi mwaka mzima, na tulipofika Ahero kwa mashamba ya mchele alikuwa anacheka na gari nzima. Nilimwangalia tu. Nilifurahi kumwona hivyo hadi sikutaka tufike.

Dunga iko hapo tu nje ya mji, unashika tuktuk unapita karibu na Hippo Point, unasikia harufu ya ziwa kabla hujaliona. Ni bichi ya wavuvi, mashua zimepangwa zikiwa na majina yamechorwa ubavuni kwa rangi, pembeni ni mafunjo marefu yanayojaa ndege, na siku hiyo katikati ya hayo yote kulikuwa na mahema, spika, jenereta, watoto na mabaluni, na moshi wa kila aina ya chakula. Shemeji alitupokea getini. Jua la Kisumu la Desemba ni jua la kweli, saa nane mchana hata kivuli kina joto.

Kuhusu chakula ningeweza kuandika hadi kesho. Kulikuwa na kuon, yaani ugali, ya mtama na muhogo, ile nyeusi nzito inayokatika kwa mkono bila kushika vidole, mboga ya osuga, yaani managu, iliyolazwa kwa maziwa, apoth, yaani mrenda, aliya ile nyama iliyokaushwa halafu ikarudishwa kwa mchuzi, na kina mama wa kutoka upande wa Kakamega na Vihiga walikuwa na kuku wa kienyeji kwa masufuria makubwa na hawakukubali upite bila kuonja. Lakini Nyar Nyakach alikuwa na safari moja tu, samaki.

Nilimfuata hadi kwa meza ya mama mmoja alikuwa na ngege, yaani tilapia, zimelala kwa beseni. Hakuuliza bei. Alishika mmoja akaingiza kidole chini ya kifuniko cha shavu akakiinua, akaniita nione, mashavu yakawa mekundu kama damu mbichi, akabonyeza tumbo na kidole gumba, nyama ikarudi mara moja, akaangalia jicho, likawa safi halina ukungu. Huyu ametoka majini leo asubuhi, akasema. Mwaka huo maneno yalikuwa mengi nchini kuhusu samaki wa barafu anayetoka China, na unaweza kuuziwa yeye hapo hapo kando ya ziwa, ndio maana mtu wa kwao hanunui samaki bila kufungua shavu. Yule mama akacheka akamwambia kitu kwa Kijaluo, baadaye niliambiwa alisema huyu hawezi kuibiwa. Samaki akachanjwa mbavu, akatupwa kwa mafuta mpaka akakauka nje, halafu akaingia kwa nyanya na vitunguu na dania. Tulikula watatu kutoka sahani moja, shemeji akasukuma kichwa upande wangu, na kwao kichwa hakisukumwi kwa mtu ovyo.

Meza iliyofuata walikuwa wanauza mgongo wazi. Huo tulikuwa tumeula sana mwaka huo. Mbuta, yule sangara mkubwa wa ziwa, anapelekwa kiwandani, minofu inatolewa inasafirishwa Ulaya, halafu mifupa na kichwa na ile nyama kidogo iliyobaki katikati ndio inarudi kwa watu wa hapa, inakaangwa inauzwa sokoni. Wale wanaoidharau waache. Nyar Nyakach akiipika na nyanya na ndimu, watoto wangu hulamba vidole, na kuna wiki kadhaa za mwaka huo tulivuka na hiyo. Tulisimama hapo kidogo tukaangalia, akanishika mkono, tukaendelea.

Muziki ulianza na isikuti. Zile ngoma za Waisukha na Waidakho, kubwa, ya kati na ndogo, zikipigwa karibu na wewe hauzisikii na masikio, unazisikia kwa kifua. UNESCO waliiweka mwaka 2014 kwa orodha ya mila zinazohitaji kulindwa haraka, na nikiangalia vijana walivyokuwa wanaruka na hizo njuga miguuni nikasema Mungu azidi kuwapa nguvu, hii kitu isipotee.

Halafu akaja mzee na nyatiti. Alikaa kwa kastuli kafupi karibu na ardhi, mguu wa kulia ukiwa na gara, zile njuga za chuma, na kwa kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma ambayo anagonga nayo mbao ya chombo, kwa hivyo mtu mmoja anaimba, anapiga nyuzi nane, anapiga ngoma na anatikisa njuga, yote kwa wakati mmoja. Nilisogea karibu nikaona nyuzi zenyewe ni nailoni ya kuvulia samaki. Zamani zilikuwa za mishipa ya ng'ombe. Ukisikiliza vidole vyake dakika chache unaelewa gita la benga, ule muziki wa Wajaluo, lilitoka wapi, ni hivyo hivyo linavyodonoa, kamba moja moja haraka haraka, wapiga gita walichukua kitu cha babu zao wakakiweka kwa umeme.

Giza likianza bendi ya ohangla, muziki wa ngoma wa Wajaluo, ikapanda. Mkifika ohangla lazima pakruok iingie, na kama hujawahi kuiona ni hivi: mtu yeyote kwa umati anaenda mbele na pesa yake, muziki unasimamishwa, anapewa maiki, anajisifu au anamsifu mtu wake, rafiki, mpenzi, mama yake, ukoo wake, kwa majina makubwa makubwa ya kutunga, halafu muziki unarudi na mwimbaji anachukua hilo jina analiweka kwa wimbo. Usiku huo wanaume walijipanga. Mmoja akajiita ndovu anayekunywa mto ukakauka, mwingine akataja gari, mwingine akataja nyumba anajenga, ghorofa ngapi sijui. Watu walishangilia, na mimi pia nilishangilia, lakini kwa maoni yangu pakruok tamu ni ile ya kumtaja mwingine. Kujitaja kila mtu anaweza.

Nilikuwa nimegeuka kununua soda. Niliposikia ngoma zinanyamaza nikarudisha macho mbele, na ni Nyar Nyakach amesimama pale chini ya taa anafungua fundo la leso, anatoa noti ya mia mbili iliyokunjwa ndogo sana, anampa mwimbaji. Akaanza kwa Kijaluo, akajitaja yeye ni binti wa nani na wa wapi, watu wakaitikia. Halafu akasema hapa mbele atasema Kiswahili, kwa sababu anayesifiwa ametoka Nakuru na hataki akose hata neno moja. Watu wakapiga kelele. Shemeji akanisukuma mgongoni nisogee.

Nakumbuka karibu yote. Ja-Nakuru, yaani mtu wa Nakuru, ndio mimi. Alisema, "Ndovu tumeshaitiwa hapa, simba tumeshaitiwa, sasa mimi nawaitia Ja-Nakuru. Ja-Nakuru moto wa saa kumi na moja, jogoo wa ploti huamshwa na sufuria yake. Ja-Nakuru mchambuzi wa omena, mchanga unamjua unamkimbia." Watu wakaanza kucheka vizuri, kile kicheko cha kukubali. Akangoja watulie. "Kuna watu walisema mume wangu amekaliwa. Ni kweli. Amekaliwa na watoto wake, mmoja kila paja, anawasuka na kuwalisha." Hapo bichi nzima ililipuka, kina mama wakapiga vigelegele, kuna mmoja nisiyemjua alinishika kichwa na mikono yote miwili. Na yeye akamalizia bila kupandisha sauti, akilitaja Ziwa Victoria kwa jina lake la Kijaluo, "Namtaja mbele ya Nam Lolwe. Kazi ikirudi, ni yake. Isiporudi, yeye bado ni wangu."

Miezi yote hiyo nilidhani lile neno la mferejini lilimpita. Kumbe alikuwa amelibeba, amelitunza, amengoja mahali pa kulijibu, na hakutaka kulijibia kwa mfereji na mtu mmoja, alitaka kulijibu kwa maiki. Nililia. Nililia nimesimama mbele ya watu wa kwao na hakuna aliyenionea ajabu, shemeji mwenyewe alikuwa anapangusa macho huku ameinua simu anarekodi.

Ngoma zikarudi na mwimbaji akalichukua, Ja-Nakuru, Ja-Nakuru moto wa saa kumi na moja, kila baada ya mistari miwili mitatu jina langu linapita tena. Nikaenda mbele. Nilikuwa na hamsini, nikaitoa, wakasimamisha, na sina maneno mengi mimi, nikasema tu huyu Nyar Nyakach ni mlingoti wa mashua yangu, upepo uvume utakavyo. Nikarudisha maiki nikamshika mkono tukacheza. Ohangla ni mabega na kiuno, mimi mabega yanakubali, kiuno alinifundisha hapo hapo, na tulicheza mpaka bendi ikaanza kukunja nyaya.

Tulilala kwa shemeji Nyamasaria. Asubuhi kabla hata chai haijaiva simu ya mke wangu ikalia, ni mzee wao kutoka Nyakach. Shemeji alikuwa ametuma ile video usiku na ilikuwa imeshazunguka ukoo mzima. Mzee hakumsalimia bintiye hata dakika, akasema nipe mkwe wangu. Nikashika simu na mikono miwili, nikasema shikamoo baba. Akaitikia marahaba, halafu akasema, "Ja-Nakuru, mimi nimekuona. Mama yako hapa ameshashika kuku. Mnapitia nyumbani kwanza."

Tukachukua mzigo wetu Kibuye, omena ya neti, safi, tukaipakia, na tulipofika Ahero tukashuka na magunia yetu. Gari la Kericho likaenda bila sisi. Tulishika la Katito.