Nilivyoyazoea maswali ya chanzo na matokeo

Nikijiandaa na usaili wa mchujo, sehemu niliyoipa muda mwingi ni ile ya mantiki yenye kauli mbili: ipi ni chanzo, ipi ni matokeo, au zote zimetokana na chanzo kimoja, au hazihusiani.

Kutazama ipi imetangulia ni rahisi, ila hakutoshi. Kilichonisaidia hasa ni kuifuta kauli moja kichwani na kuuliza kama nyingine bado ingetokea.

Chukua mfano huu. Kauli ya 1: Barabara ya Morogoro imefungwa eneo la Jangwani. Kauli ya 2: Familia kadhaa zimehama bonde la Msimbazi. Barabara ikifunguliwa, familia zile zitahama vilevile. Zisipohama, barabara nayo haitafunguka kwa ajili hiyo. Aliyeishi Dar es Salaam ameshajua kuwa mto umefurika, ingawa hakuna kauli iliyoutaja. Kwa hiyo zote mbili ni matokeo ya chanzo kimoja. Aina hii ndiyo ngumu kuliko zote, maana chanzo chenyewe hakijaandikwa popote.

Maswali marefu nayo hukuletea hitimisho, mathalani: wanaosoma tuisheni hufaulu zaidi, kwa hiyo tuisheni ndiyo inayofaulisha. Hapo nageuza mshale: je, si wale wenye bidii tangu mwanzo ndio wanaoitafuta tuisheni? Halafu naangalia na uwezo wa wazazi, kwa sababu mwenye pesa ya tuisheni ana pesa ya vitabu na taa ya kusomea pia.

Daktari John Snow alinifundisha kuwatafuta wasioguswa. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu wengi Soho, London, na wengi waliamini kinaletwa na hewa chafu. Snow alikishuku kisima cha pampu cha mtaa wa Broad Street. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia jirani na pampu hiyo walivuta hewa ileile ya mtaa lakini hawakunywa maji yake, na hakuna hata mmoja wao aliyeandikishwa kufa kwa kipindupindu. Naona ushahidi huo una nguvu kuliko orodha ndefu ya wagonjwa.

Kwenye usaili niliikuta kauli ya bei ya dizeli kupanda, ikifuatwa na ya nyanya kupanda bei sokoni. Nikaifuta dizeli kichwani: nauli ya lori linalozileta nyanya mjini isingepanda, wala hakukuwa na neno lolote kuhusu ukame au mavuno. Nikachagua ya kwanza kuwa chanzo, nikasonga mbele.