Nusu Karatasi za Siku ya Mvua

Mwezi wa Machi mwaka 2018 nilikuwa nasoma mwaka wa kwanza wa lisansi katika kitivo cha sayansi mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, na wenzangu wa promosheni walikuwa wamenichagua kuwa katibu kwa sababu moja tu, kwamba mwandiko wangu ulisomeka. Kazi yenyewe haikuwa na heshima kubwa. Nilizungusha orodha ya mahudhurio kila asubuhi, nikabeba silabasi kwenda kutoa fotokopi Nyawera, nikadai pesa za fotokopi hizo kwa watu wasiopenda kudaiwa.

Wiki hiyo tulikuwa na profesa mgeni, mzaliwa wa Bukavu aliyekuwa akifundisha Ubelgiji kwa miaka mingi. Katikati ya somo aliweka chaki chini akauliza ni nani kati yetu angependa kwenda kusoma ng'ambo. Mikono ilipanda karibu yote. Akauliza sababu, na kabla ya mtu wa kwanza kujibu mvua ikashuka. Aliyesoma chini ya mabati ya Bukavu anajua kwamba mvua ikianza, mwalimu hana sauti tena. Profesa akaandika ubaoni maswali mawili kwa Kifaransa: kwa nini unataka kwenda, na je, utarudi? Akaniashiria nichane karatasi nusu nusu, na chini ya maswali akaongeza kwamba hakuna ruhusa ya kuandika jina. Nilipozikusanya, alinisogelea sikioni akaniambia nizisome usiku, kesho nimweleze vijana wanasema nini.

Nilipanda nazo Kadutu ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya shati. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo nilizitandaza kitandani na kuzisoma kwa tochi ya simu, mdogo wangu akiwa amelala upande wa ukutani.

Nilitazamia kusoma habari za pesa, na pesa zilikuwapo, lakini kilichojitokeza zaidi ni maabara. Tulikuwa tukipanga foleni ndefu mbele ya hadubini moja yenye kioo cha ukungu, na spektrofotometa, mashine ya kupima mwanga unaopita katika kimiminika, tuliifahamu kwa mchoro wa ubaoni, tukaijibia mitihani na hata kupata alama nzuri. Mmoja aliandika kwamba anataka angalau mara moja kugusa mashine ambayo ameshafaulu mtihani wake. Sikuona ndoto kubwa katika sentensi hiyo, niliona aibu, na aibu hiyo ilikuwa yangu pia.

Mwingine alilalamikia jina la diploma. Kwetu wakati ule mtu alisoma gradua kwa miaka mitatu, kisha lisansi kwa miaka miwili, jumla mitano, ilhali Ulaya, tangu mapatano ya Bologna ya mwaka 1999, ngazi zilikuwa zimepangwa upya, na lisansi ya Ufaransa ni ya miaka mitatu. Afisa anayesoma jina la diploma bila kuhesabu miaka yake anaweza kukurudisha nyuma miaka miwili kwa neno moja. Nchi yetu ilikuja kuufuata mpango huo baadaye.

Karatasi moja haikuwa na sentensi hata moja, ilikuwa hesabu tupu: gari hadi uwanja wa ndege wa Kavumu, ndege ya Kinshasa, chakula cha wiki mbili kwa shangazi, mihuri, tafsiri, ada ya viza, ndege ya kurudi. Jumla ilikuwa imekatwa kwa mistari miwili, na chini yake imeandikwa: «Na Nyumba ya Schengen imefungwa.» Ilikuwa kweli. Mwanzoni mwa mwaka huo serikali ilikuwa imeamuru kufungwa kwa ofisi hiyo ya Kinshasa iliyoshughulikia viza za nchi nyingi za Ulaya, nayo haikufunguliwa tena hadi mwaka 2019. Kwetu sisi wa mashariki safari ya Ulaya ilianza kwanza kwa kwenda magharibi mwa nchi yetu wenyewe, mahali ambapo hata saa iko nyuma ya yetu.

Kulikuwa na mmoja aliyekwisha kuishi nje. «Nilikaa Kampala mwaka mzima,» aliandika. «Watu hawakunitendea ubaya. Ila nilipougua malaria, hapakuwa na mtu hata mmoja anayemjua mama yangu.»

Kuhusu swali la pili, walioandika Kifaransa walirudi wote, na karibu kila mmoja alimtaja Daktari Mukwege, aliyesomea udaktari Burundi, akajifunza magonjwa ya wanawake Angers, Ufaransa, akarudi kutibu Kivu hii hii. Mfano ni wa kweli, lakini kufikia karatasi ya kumi nilianza kuchoka. Jina lake lilikuwa limegeuzwa muhuri wa kugonga chini ya barua. Nasema haya nikijua kwamba karatasi yangu mimi ilikuwa miongoni mwao, tena kwa Kifaransa kilichonyooka kabisa.

Walioandika Kiswahili walikuwa wachache. Mmoja wao aliandika: «Nikipata nafasi sirudi. Nimechoka kuwa tumaini la nyumba nzima.»

Hapo ndipo nilipotambua kwamba ahadi ya kutoandika majina haikuwa na maana kwangu. Mtu anayezungusha orodha ya mahudhurio kila asubuhi anaijua miandiko yote. Ile «r» iliyolala chali ilikuwa ya jirani yangu wa benchi, kifungua mimba wa watoto wanane, ambaye papa yake alikuwa ameuza shamba la Walungu ili kulipa minervali, yaani karo ya chuo. Nilifikiria kuificha. Mwishowe niliiweka chini kabisa.

Asubuhi nilimkuta profesa barazani, nikamweleza kwa kifupi: maabara, diploma, viza, na kwamba wengi wanaahidi kurudi. Alizipitia mwenyewe, moja moja, hadi ile ya mwisho.

«Hii ni ya nani?»

«Sijui, Profesa.»

Aliniangalia kwa muda, bila shaka akijua kwamba nadanganya.

«Mimi nilimuaga mama kwa miaka mitatu tu,» alisema.

Akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni mwa shati, zile nyingine akanirudishia, tukaingia darasani. Jirani yangu alisogeza daftari lake ili nipate nafasi ya kukaa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilikuwa nimezisoma zote. Nilimjibu kwamba tochi ilizimika kabla sijamaliza.