Dinari mia ni hela nyingi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Leo nataka niongee kuhusu kusamehe, hasa ile haraka tuliyonayo makanisani, mtu kaumizwa juzi tu tayari tumeshamzunguka tunamwambia samehe yaishe mama, si kitu hicho. Jamani, mara nyingi ni kitu tena kikubwa tu, na Yesu mwenyewe alijua hivyo.

Chukua Mathayo 18. Petro kauliza amsamehe ndugu yake mara ngapi, hata saba? Akajibiwa hata saba mara sabini, ndo Yesu akatoa mfano wa yule mtumwa aliyefutiwa na bwana wake deni la talanta elfu kumi, katoka tu pale kakutana na mwenzake aliyemkopa dinari mia, kamkaba koo na kumtupa gerezani. Siku zote tunahubiriwa kwamba dinari mia ni vijisenti. Sasa fungua Mathayo 20, wale vibarua wa shamba la mizabibu walipatana dinari moja kwa siku, kwahiyo dinari mia ni jasho la siku 100, zaidi ya miezi mitatu. Kwa kibarua wa elfu kumi kwa siku hiyo ni milioni moja kamili, na nani hapa milioni yake ikiliwa atasema si kitu?

Mi nililia nilivyoelewa hilo, maana kuna dada tulikuwa tunaimba naye kwaya alinikopa hela niliyotunza kwa ajili ya kodi ya fremu, mtoto wake anaumwa, nikampa bila hata kuandikishana. Mtoto akapona, utukufu kwa Mungu, ila hela haikurudi, na kilichoniumiza zaidi akaanza kuwaambia wenzetu kwamba nilimpa kama msaada na sasa namsumbua. Fremu nikaiachia, cherehani ikarudi nyumbani nikawa nashonea kibarazani. Jumapili kwaya ikisimama yeye yuko mstari wa mbele sauti ya kwanza, mi nyuma yake, naangalia kisogo chake wimbo mzima, maneno ya wimbo yanatoka mdomoni lakini moyoni napiga hesabu. Wazee wakatuita, wakatuombea, wakasema mshikane mikono, tukashikana. Usiku nikalala na hesabu zile zile.

Kilichonifungua ni siku niliyoacha kujilazimisha kuona ni jambo dogo. Nilipiga magoti nikamtajia Mungu kila kitu, hela, fremu, wateja waliopotea, na jina langu lililochafuliwa kwa watu ninaosali nao. Yusufu naye, yule aliyeuzwa utumwani na kaka zake, alivyowajibu Mwanzo 50 hakuwaambia hamkunikosea, aliwaambia wazi kwamba walimkusudia mabaya, ila Mungu aliyakusudia kuwa mema. Na kabla ya hapo alishalia sana huyu mtu, Mwanzo 45 inasema mpaka Wamisri walisikia.

Halafu ndo nikageukia upande wa pili wa ule mfano, upande wa talanta. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, kwahiyo talanta elfu kumi ni dinari milioni 60, kwa yule kibarua wetu wa elfu kumi ni shilingi bilioni 600, ukoo mzima ufanye kazi hadi Yesu arudi halitalipika. Hilo ndilo nililofutiwa mimi msalabani. Shukrani ilianzia hapo kiukweli, nikawa kila jioni kabla sijafunika cherehani namtajia Mungu nilichopewa siku hiyo, yule mama aliyeniletea sare za wanawe wote watatu nishone na akalipa kabla, jirani aliyenipisha kivuli cha mwembe wake jua likiwaka. Sikumshukuru Mungu kwa kudhulumiwa, sikutaka kumdanganya. Ila kadiri nilivyoyataja hayo mengine ndivyo zile hesabu za usiku zilivyopungua, sijui hata ziliisha lini.

Kuna watu wataniuliza sasa kama umesamehe mbona na yule dada hamjawa kama zamani. Mpendwa, Yusufu alishawapa kaka zake nafaka na hela yao akairudisha magunia mwao, lakini bado aliwapima, mpaka alipoona Yuda, mmoja wa kaka hao, yuko tayari abaki mtumwa badala ya mdogo wao Benyamini ndo akajitambulisha kwao. Kusamehe nilimaliza na Mungu, kuaminiana kunamhitaji na yeye. Hela hajalipa na simdai tena. Tunasalimiana vizuri, mwanae alivyofanya mtihani wa darasa la saba nilifunga nikamwombea na nilifurahi kwa moyo wote alivyofaulu. Akija na shida nitampa unga na mafuta kama ninavyo, ila hela ya kodi simkopeshi, na sioni kama hapo nimevunja amri yoyote ya Bwana.