Kumbukumbu ya mradi: msimbo wa hifadhidata waandikwa upya

Programu hii hutunza viungo vya kurasa za wavuti pamoja na lebo zake. Inatumia SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili, na majedwali ni matatu tu: viungo, lebo, na viungo_lebo linaloyaunganisha hayo mawili. Majedwali yenyewe hayakuwa na shida kubwa. Shida ilikuwa amri za SQL (lugha ya kuuliza na kubadilisha data) kutapakaa katika kila ukurasa, nyingine zikibandika maandishi ya mtumiaji moja kwa moja ndani ya amri. Sasa zote zimehamia moduli moja. Kurasa huita ongeza_kiungo au viungo_vya_lebo, na kila thamani hupitishwa kwa alama ya kuuliza (?) inayoshika nafasi yake ndani ya amri, kamwe si kwa kuunganisha maandishi.

Faida ya kwanza ilionekana kwenye kufungua muunganisho, kwa kuwa sasa hufunguliwa mahali pamoja. SQLite kwa kawaida haisimamii funguo za kigeni (sharti kwamba kinachorejelewa katika jedwali lingine kiwepo kweli) mpaka iambiwe kwa agizo la mipangilio, PRAGMA foreign_keys=ON, na agizo hilo halihifadhiwi ndani ya faili: kila muunganisho lazima uambiwe upya. Kuliwasha hakukagui data ya zamani, kwa hiyo endesha PRAGMA foreign_key_check kwanza uondoe safumlalo yatima, zinazorejelea kisichopo. Tofauti na hilo, journal_mode=WAL (maandishi mapya kuwekwa kwanza kwenye faili la pembeni, -wal) hubaki ndani ya faili. Nimeongeza busy_timeout=5000, yaani milisekunde 5000 za kusubiri kabla ya kukata tamaa.

Hata hivyo, kosa la "database is locked" linaweza kutokea papo hapo bila kusubiri hata kidogo, na hapa wengi hupoteza muda wakiongeza busy_timeout. BEGIN ya kawaida, inayoanzisha muamala (kundi la amri zinazofaulu au kushindwa pamoja), haichukui kufuli lolote. Muamala ukianza kwa SELECT (kusoma), unashika picha ya data ya wakati huo. Mwingine akiandika katikati, kisha wewe ujaribu UPDATE (kubadilisha), picha yako imeshapitwa na wakati. Kusubiri hakuwezi kuifanya iwe mpya, kwa hiyo SQLite inakataa mara moja. Dawa ni BEGIN IMMEDIATE kwa kila muamala utakaoandika: kufuli la kuandika linachukuliwa mwanzoni, na busy_timeout inafanya kazi yake. Moduli sasa ina milango miwili, soma() na andika(), na wa pili ndio unaotumia IMMEDIATE.

Mabadiliko ya muundo yanafuatwa kwa PRAGMA user_version, namba iliyomo kwenye kichwa cha faili. Programu ikiwaka husoma namba hiyo na kuendesha hatua zilizobaki, kila hatua na muamala wake. Namba nayo hubadilishwa ndani ya muamala uleule, ili hatua ikishindikana, nayo irudi ilivyokuwa.

Kazi ya hatari ni kuunda upya jedwali, kwa mfano kuongeza sharti ambalo ALTER TABLE haiwezi. Zima foreign_keys kabla ya BEGIN; ndani ya muamala agizo hilo halina athari, wala halitoi kosa. Tengeneza viungo_mpya, nakili data, futa viungo, badilisha jina la viungo_mpya liwe viungo, rudisha faharasa (orodha za kuharakisha utafutaji), endesha foreign_key_check, kisha COMMIT na uwashe tena funguo. Ukisahau kuzima, DROP TABLE hufuta kwanza safumlalo zote kimyakimya, ON DELETE CASCADE (kufuta pia safumlalo zinazozirejelea) inafuata, na viungo_lebo linabaki tupu. Usianze kwa kubadilisha jina la jedwali la zamani, maana marejeo ya majedwali mengine yanaweza kulifuata jina hilo.

Ukurasa wa orodha ulikuwa ukituma amri 51 kwa viungo 50: moja ya orodha, na moja ya lebo za kila kiungo. JOIN moja (amri inayounganisha majedwali) yenye LIMIT 50 inavutia lakini inadanganya, kwani LIMIT huhesabu safumlalo baada ya kuunganisha. Kiungo chenye lebo 5 kinakula nafasi 5. Amri mbili zinatosha: chukua viungo 50, kisha lebo zao zote kwa WHERE kiungo_id IN (...).

Kutafuta kwa lebo kulihitaji faharasa yake. Ufunguo mkuu (kiungo_id, lebo_id) hausaidii anayeanza na lebo_id. EXPLAIN QUERY PLAN, amri inayoeleza jinsi SQLite itakavyotafuta, huonyesha: SCAN ni kupitia jedwali au faharasa yote, SEARCH ni kwenda moja kwa moja panapohusika.

Nakala ya akiba sasa hutengenezwa kwa VACUUM INTO, iliyopo tangu toleo 3.27.0 la 2019. Kunakili faili kuu peke yake programu ikiwa inaendeshwa huacha nje maandishi mapya yaliyo kwenye faili la -wal.

Kinachofuata ni utafutaji wa maneno kwa FTS5, sehemu ya SQLite ya kazi hiyo, ndani ya moduli hiyohiyo.