Nyuzi za B.E.2c

Wengi wanaoanza kuunda ndege ndogo za mfano za Vita vya Kwanza vya Dunia, za kurusha kwa rimoti, hukimbilia Fokker nyekundu ya rubani Mjerumani Manfred von Richthofen. Mimi sikuitaka. Baba wa babu yangu alibeba mizigo ya Waingereza katika vita ile huku kwetu Afrika Mashariki, akiwa mmoja wa watu wa Carrier Corps, jina lililotuachia Kariakoo ya Dar es Salaam. Bibi alitusimulia kwamba mzee hakuisahau "ndege Ulaya" iliyopita juu ya msafara wao. Tangu mwaka 1916 kikosi cha 26 cha ndege za Waingereza, cha watu wa Afrika Kusini, kilirusha B.E.2c, ndege ya Kiingereza yenye bawa la juu na la chini, kwenye vita hiyo, basi moyo wangu ukaangukia hiyo.

Ndege halisi ilikuwa na mabawa ya mita 11.28 toka ncha hadi ncha. Yangu ni moja ya nane yake, mita 1.41. Mbao nyepesi ya balsa hapa Jinja, Uganda, ni ya kuagiza, kwa hiyo mbavu za mabawa nilizikata kwenye maboksi meupe ya povu la plastiki ya kubebea samaki, nikazitia mgongo wa mianzi. Usithubutu kupulizia rangi ya kopo moja kwa moja: nilipoteza bawa zima, liliyeyuka kama sukari. Sasa nafunika kwanza kwa karatasi laini na gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji. Hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya kumi, hivyo nimeweka propela kubwa kidogo kuliko inayoshauriwa kwa mota hiyo.

Lakini kazi yenyewe iko kwenye nyuzi. Mabawa mawili, la juu na la chini, hushikwa na nguzo fupi na waya zinazopishana. Mwanzo nilitumia mshipi wa nailoni wa wavuvi. Ukungu wa ziwani ukiushika, unalegea. Nikabadili, nikatumia uzi wa kusuka, nikaukaza kwa nguvu zangu zote, nikidhani kukaza ndiko kuimarisha.

Siku ya kwanza, kwenye uwanja tulioombea ruhusa, ndege ilipaa vizuri, ikafika usawa wa miti, ikaanza kuinamia kushoto. Nikavuta eleroni, vile vibao vinavyopanda na kushuka nyuma ya mabawa, ili iinuke. Ikazidi. Eleroni ya kushoto iliposhuka kuinua bawa ilishika hewa kama breki, pua ikageukia kulekule. Ndege za zamani hizi hukatiwa kona kwa usukani wa mkia kwanza, eleroni zinafuata. Nilikuwa nalijua hilo kwa kusoma, vidole vikawa havijajua. Ikaanguka majanini, gurudumu moja likang'oka.

Nyumbani nikaliweka bawa juu ya meza na kupima kwa rula. Uzi mmoja wa nyuma ulikuwa umeinua ukingo wa nyuma wa bawa la kushoto milimita 4. Milimita 4 tu! Upande ule ulikuwa unainuliwa na hewa kidogo kuliko wa pili tangu ndege ilipoacha ardhi.

Mpwa wangu wa miaka kumi na miwili ndiye aliyegundua njia. Alizigonga nyuzi kwa kucha, akaniambia, "Mjomba, hii inalia juu kuliko mwenzake." Tukazilegeza na kuzikaza jozi kwa jozi mpaka kulia na kushoto zikatoa sauti moja, halafu rula ikathibitisha.

Jumamosi iliyopita, saa moja asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaamka, niliirusha tena. Mkono wa kushoto kwenye usukani, taratibu. Ikazunguka uwanja mara tatu, jua likipenya karatasi ya mabawa hadi mbavu zikaonekana moja moja, na ikarudi chini kwa magurudumu yake mawili. Mpwa wangu aliifikia kabla yangu. Alipiga magoti, akazigonga nyuzi zote, kisha akanyoosha kidole: wa mbele, kulia, umeshuka kidogo.